Ndoo Thelathini na Saba

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu, na anayetaka kulia alie sasa hivi amalize, maana nikishaanza kusema sitaki kukatizwa na makamasi ya mtu. Daktari amesema nina siku tatu. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimewahi kumwokoa mwanasiasa aliyebakiwa na dakika tatu, siku tatu kwangu ni likizo. Akacheka. Lakini nilimwona alivyocheka, alicheka kwa meno tu, macho yalibaki kwenye karatasi, na kazi yangu miaka arobaini ilikuwa kusoma macho ya watu wanaocheka kwa meno. Kwa hiyo najua. Tusidanganyane humu ndani, huko nje nimedanganya vya kutosha.

Kitanda mmekileta hapa sebuleni kama nilivyotaka, ahsanteni. Hapa ndipo palipokuwa kiwanda changu. Kile kiti cha kinyozi pale kwenye kona, kile kinachozunguka, wamekikalia wakubwa wa nchi hii, na wa nchi jirani, na wa nchi ambazo bado hazijagunduliwa. Nilikuwa namkalisha mtu, namzungusha mara tatu mpaka kichwa kinakuwa chepesi, halafu namsimamisha ghafla mbele ya kile kioo kirefu, namwambia: haya, omba radhi. Mtu akiweza kujiomba radhi mwenyewe huku dunia inazunguka, mbele ya wananchi atateleza kama sabuni. Yupo mmoja nilimfundisha kulia. Alikuwa hajalia tangu azaliwe, hata mkunga alimpiga kofi akaishia kutazamwa. Alilia hapa mpaka kapeti likaota majani, mama yenu, Mungu amrehemu, akaja na fyekeo. Kama mnabisha muulizeni. Basi, hamwezi kumuuliza, mtaniamini tu.

Mwalimu hacheki. Binti yangu, kifungua mimba wangu, umekaa pale mlangoni, na kiti umekielekeza nje kama mtu anayesubiri gari. Miaka kumi na moja hujaniita baba. Unakuja, unaniwekea dawa mezani, unafagia, unaondoka, na salamu unawapa viti. Sawa. Maneno yangu ya leo mengi ni yako, lakini nitayafikia polepole, kwa sababu mtu aliyeishi kwa uongo hawezi kuukimbilia ukweli, atapasuka mapafu.

Kitinda mimba wangu, Fundi, wewe kaa hapo hapo miguuni, na saruji yako kwenye kucha. Wewe hujawahi kunipa shida, ndiyo maana nilikusahau mara nyingi. Nisamehe. Ukuta ulionyooka hautazamwi na mtu, unatazamwa uliopinda.

Na wewe wa katikati, Mgombea wetu. Shati jeupe, mikono umeikunja mara mbili kama nilivyokufundisha, maana ukikunja mara moja unaonekana unaosha vyombo, ukikunja mara tatu unaonekana unatafuta ugomvi. Umeegemeza simu yako kwenye jagi la maji na unadhani sijaiona. Mwanangu, mimi nilikuwa naiona kamera ikiwa bado dukani. Unataka baraka za baba anayekufa, dakika moja na nusu, na kinanda kinalia chini yake. Na jicho lako linalotoa machozi ni la kushoto, kwa sababu simu iko kushoto. Safi sana! La kulia lingelia bure. Iache kwanza iendelee. Nitakuambia wakati wa kuizima, na utanitii.

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe niliingilia dirishani nikatokea mlangoni. Lakini mkutano wa kwanza niliouandaa ulijaza watu laki moja. Mwalimu anatikisa kichwa. Haya, elfu kumi. Bado anatikisa. Haya basi, mia nne, lakini walikuwa wanene, na niliwasimamisha kwenye uchochoro ili kwenye picha waonekane wamefurika mpaka ukutani. Unakumbuka, mama? Ulikuwa mdogo, unakaa chini ya meza hii na daftari lako, mimi nikisema elfu wewe unaandika mia, na mteja akishaondoka unatoka chini ya meza unaniambia, "Baba, walikuwa mia nne na sita, niliwahesabu." Nilikuwa nakuogopa kuliko magazeti yote.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walichosahau kusema ni kwamba kibaya hakina miguu. Miguu yake nilikuwa mimi. Kule chumbani, chini ya kitanda changu cha zamani, kuna ndoo ya bati yenye mfuniko, msiitupe kabla hamjanisikiliza. Ndoo hiyo ni ya tope. Ndiyo, tope. Mafuriko yakitokea, kiongozi anakwenda kuwapa watu pole na buti jipya linang'aa, na buti safi mbele ya mtu ambaye nyumba yake imeondoka na maji ni tusi, tena tusi la mama. Kwa hiyo mimi nilitembea na tope langu. Nilikuwa nalichekecha mwenyewe, nalikoroga mpaka linakuwa laini kama rangi ya ukuta, halafu nampaka mheshimiwa hapa na hapa, na kidogo kwenye shavu, kama vile alijifuta jasho akasahau. Tope lile limeshinda uchaguzi mara sita bila kupiga kampeni. Lingegombea lenyewe lingekuwa rais.

Asubuhi mliniwashia redio nikasikia taarifa ya habari. Bei imepanda, barabara imekatika, na msemaji akasema serikali inalifuatilia suala hilo kwa karibu. Nikacheka mpaka sindano ikachomoka. Maneno hayo ni yangu! Niliyatunga mimi, nimekaa chooni, bomba la choo halitoi maji. Kwa karibu! Wamelifuatilia kwa karibu miaka ishirini na tano hawajalikamata, hilo suala lina mbio gani? Sentensi hiyo haijengi hata banda la kuku, lakini imeibembeleza nchi nzima ikalala. Na yule mshindani wangu, Mdomo Asali, anatembea anasema aliitunga yeye. Mwambieni nimemsamehe. Lakini siku ya mazishi yangu asipewe kipaza sauti, tutazikwa wote kwa uzee kabla hajamaliza.

Na nyinyi vijana mnasema kazi imekuwa ngumu siku hizi kwa sababu kila mtu ana kamera mfukoni. Si kweli, imekuwa rahisi mpaka imekosa adabu. Zamani uongo ulikuwa unalala. Unautoa jioni, gazeti linauchapa asubuhi, na hapo katikati mwenye uongo ana nafasi ya kugeuka kitandani akaona aibu kidogo. Sasa unatoka mdomoni na kabla hujafumba mdomo umeshafika kwa shangazi yako, na shangazi ameshautuma kwenye kundi la familia na maua matatu. Sisi tulihesabu makofi, nyinyi mnahesabu vidole gumba. Kofi angalau linataka mikono miwili.

Lakini siri kubwa ya kazi haijabadilika, na nilimpa kila aliyekaa kwenye kiti kile: usijibu swali uliloulizwa. Jibu lile ulilotamani kuulizwa. Mtu akikuuliza maji yako wapi, mwambie unavyowapenda akina mama. Wengi wanasahau walichouliza. Wengi, wanangu. Si wote.

Nipe mto, Fundi. Hapo. Hapo hapo.

Tangu homa hii inishike, dari hili halikai mahali pamoja. Upepo ukipuliza pazia nasikia umati unavuta pumzi. Yale madoa ya mvua pale juu yanakuwa vichwa, vichwa, vichwa, wote wananitazama mimi, na mimi sina hotuba. Halafu kitanda kinaanza kwenda taratibu, kama kimewekwa magurudumu, kinapita mlangoni, kinapita barabarani, watu wananipisha, taa za barabarani zinainama kunitazama kama wauguzi, na kinapanda mlima peke yake mpaka kwenye ua wa shule. Kuna bomba pale. Linang'aa. Akina mama wamepanga ndoo zao, mstari unazunguka mlima mara mbili, na wote wamenyamaza. Nashuka kitandani na gauni la hospitali, nafungua bomba. Yanatoka makofi. Maji hakuna, wanangu, yanatoka makofi! Yanamwagika kwenye ndoo, pa pa pa pa, yanajaa, yanafurika, na akina mama wanajitwisha makofi vichwani, wanashuka nayo mlimani polepole wasiyamwage. Na mtoto mmoja anachota kwa kiganja, anapeleka mdomoni, ananitazama. Ananitazama tu. Kila nikisinzia ni hapo. Jana, leo asubuhi, sasa hivi mlipokuwa mnapanga viti.

Sasa zima simu. Zima, mwanangu. Siyo kuigeuza kifudifudi, hila hiyo niliivumbua mimi. Zima kabisa, mpe mdogo wako aiweke mfukoni. Ahsante. Mmesikia baridi iliyoingia? Mtu akizoea kamera, siku ikizimwa anahisi amevuliwa shati.

Mnaujua mtaa wa mlimani, pale Mwalimu anapofundisha. Na wewe Mgombea unaujua vizuri zaidi, maana kiti unachokitafuta ni kile kile cha mtaa ule, na kura zake ndizo zinazoamua nani anakikalia. Miaka kumi na moja iliyopita kilikuwa na mtu wangu, Mheshimiwa, yule mwenye shingo fupi niliyekuwa namkataza tai. Alikuwa anashindwa. Alikuwa ameshashindwa, amebaki kuambiwa. Watu wa mlimani walikuwa wanadai maji tangu babu zao. Walikuwa na kisima kimoja tu, cha mjane, wote mlimwita Bi Kisima. Mumewe alikichimba kwa mikono yake, miezi saba, akafa kabla hajakinywea mwaka. Mama yule hakuwahi kumkataza mtu kuchota. Alikuwa anakaa kizingitini na fimbo yake ya kufukuzia kuku, anawauliza watoto kama wameosha ndoo.

Mheshimiwa akaja, akakaa kwenye kiti kile, nikamzungusha, akasema nimekwisha. Nikamwambia hujakwisha mpaka mimi niseme. Nipe wiki mbili nitatoa maji kwenye jiwe. Na nikayatoa, si mnanijua! Nikaweka bomba kwenye ua wa shule. Bomba zuri, la shaba, na kijukwaa cha saruji na utepe mwekundu. Mpira wake ulikuwa na urefu wa hatua kumi na mbili. Unapita chini ya ardhi, unatokea nyuma ya ukuta wa choo cha walimu, na nyuma ya ukuta kulikuwa na lori dogo lenye tangi, limefunikwa turubai. Basi. Huo ndio ulikuwa mradi wa maji.

Watu wa mlimani si wajinga. Walishaumwa na nyoka, wakiona ung'ongo wanaruka. Siku moja kabla, walimwendea Mwalimu wao wakamuuliza, kitu hiki ni cha kweli? Na yeye hakujua lolote. Nasema mbele yenu leo, kwa sauti niliyobakiwa nayo: hakujua lolote, nilimficha kama nilivyowaficha wengine. Akawaambia, "Baba yangu anatia chumvi mpaka kwenye chai, lakini kwenye jambo la maji hawezi kutudanganya." Nilisimuliwa maneno hayo jioni ile. Nilijisikia mrefu. Sikujisikia mwizi, wanangu, nilijisikia mrefu, nikasema kumbe mtoto wangu ananipenda, na kumbe kazi yangu imekuwa nyepesi.

Siku yenyewe ilipofika, kamera zimejipanga, Mheshimiwa ana mkasi, nikatazama nikaona picha haina machozi. Mtu kufungua bomba ni habari ya siku moja. Wengine wangesema hapo shetani alininong'oneza. Shetani hakuwepo, alikuwa na shughuli kwingine, ilikuwa akili yangu mwenyewe, hii hii niliyoisifia tangu mmekaa. Nikasema: mjane akifukia kisima cha mumewe kwa sababu maji ya bomba yamefika, hiyo ni habari ya mwaka mzima. Nikamwendea Bi Kisima. Nikamwita mama. Nikamshika mkono, nikamwambia mama, umewabeba watu hawa miaka yote, leo pumzika. Akasema, "Mwanangu, na yakikatika?" Nikamwambia hayakatiki.

Akashika koleo. Hakumtazama Mheshimiwa, hakunitazama mimi. Akakutazama wewe, Mwalimu, ulikuwa umesimama na watoto wako wa darasa la pili. Nawe ukaitikia kwa kichwa. Akatupa udongo wa kwanza. Makofi yale, sijawahi kuyasikia tena. Malori mawili ya kifusi niliyoyaweka tayari pembeni yakamalizia kazi, na kabla utepe haujakatwa kisima kilikuwa kimekuwa uwanja.

Nilikwenda kusimama nyuma ya ukuta wa choo, karibu na dereva wa lori, nikawa nasikiliza. Ndoo ikijaa ina sauti yake, inaanza nzito inapanda juu nyembamba. Moja. Mbili. Tatu. Watoto wanapiga kelele. Ya thelathini na sita. Ya thelathini na saba. Ya thelathini na nane ilifika nusu, bomba likakohoa, likatema hewa. Ndoo thelathini na saba, mama. Siongezi, sipunguzi. Kila idadi niliyowahi kuitaja maisha yangu nimeipuliza kama puto. Hiyo moja nimeitunza kama ilivyo, na hiyo ndiyo imenitafuna.

Wakati huo Mheshimiwa ameshafika mjini. Kesho yake tukasema ni hitilafu. Keshokutwa tukasema mitambo. Wiki iliyofuata nikaandika kwa mkono wangu kwamba suala linafuatiliwa kwa karibu. Mheshimiwa akashinda. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale hata kumwagika hayakumwagika, hayakuwepo.

Akina mama wakarudi kuteremka kijitoni, mwendo wa saa nzima kwenda, na kurudi ni zaidi kwa sababu ni kupanda. Siku moja nilikuwa napita na gari, vioo juu, nikamwona Bi Kisima ana ndoo kichwani. Akasimama. Akatua ndoo chini. Akanipungia mkono. Akanipungia, wanangu! Angenitukana ningelala usingizi.

Na akamtuma mtu. Akamtuma Mwalimu. Mama yule hakuwa na kejeli hata chembe, aliamini kweli kwamba maji yameanza safari yakakwama mahali. Akasema, "Muulize baba yako, maji yamefika wapi?" Binti yangu akaja, akasimama pale pale mlangoni alipokaa leo, amevaa viatu vina vumbi la mlimani, akaniuliza: "Baba, Bi Kisima anauliza maji yamefika wapi." Mnajua nilimjibu nini? Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nimejizungusha. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe hujui baba yako anavyowapenda akina mama wa mlimani?"

Nilimjibu hivyo mtoto wangu wa kumzaa.

Akageuka. Mpaka leo.

Bi Kisima aliuliza mara ya pili, na ya tatu, kwa watu wengine. Halafu akafa, na swali lake mkononi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe ndicho hiki kinakuja. Kwa hiyo nalijibu. Nisogeze, Fundi, niinue, nataka kumwona. Mwalimu, geuza kiti. Hutaki, sawa, masikio hayageuzwi. Mwambie... hayupo wa kumwambia, sikiliza wewe kwa niaba yake. Aliuliza maji yamefika wapi. Hayakutoka mahali popote. Yalikuwa kwenye lori, nyuma ya choo. Na niliyajua yatakuwa machache nilipomshika mkono.

Limekwisha. Fupi hivyo. Miaka kumi na moja nimelibeba jambo ambalo lingekwisha kabla chai haijapoa.

Sasa urithi, na upesi, pumzi inaniacha. Nyumba hii ni yenu watatu, asiuze mtu. Kiti kipelekeni kwa kinyozi, kikafanye kazi yake halali, wanyolewe watu, kipumzike. Suti zangu achukue yule zitakayemtosha. Kioo ni chako Mgombea. Jitazame humo asubuhi, bila kuzungushwa.

Ile ndoo ya tope mwageni. Tope limekauka, lipigeni nyundo. Chini yake mtakuta mfuko wa nailoni, ndani yake kuna hati. Kile kiwanja cha Bi Kisima, pale penye kifusi, nilikinunua kwa mwanawe, nikamtuma mtu mwingine akanunue ili asijue ni mimi. Niliogopa angekataa. Baadaye hati nikaiandikisha kwa jina la Mwalimu. Nimeiweka miaka sita chini ya tope kwa sababu sikujua nitakupa kwa maneno gani, mimi, mimi niliyewatungia marais maneno.

Fundi, kesho asubuhi panda mlimani. Fukua kifusi, changu mimi, mpaka uufikie udongo wa yule mzee aliyechimba kwa mikono. Maji yapo, hayakuhama, yalifunikwa tu. Lakini kwanza mmwombe dada yenu, kiwanja ni chake. Akikataa, mrudi. Akikubali, chimbeni. Na asikate mtu utepe. Asipigwe mtu picha. Msiweke jiwe lenye jina, si langu, si la mtu. Mtu akiuliza ni nani kafukua, mwambieni fundi.

Na wewe Mgombea... usiangalie chini, nitazame. Najua hesabu unayoipiga, mimi ndiye niliyekufundisha kupiga. Kisima hicho ni kura za mlima mzima. Usikanyage pale mpaka kura zihesabiwe. Ushinde, ushindwe. Ukitaka kwenda, nenda ukiwa umeshindwa, au ukiwa umeshashinda, uchukue koleo, uvae buti, upate tope la kwako mwenyewe. Na wakikuuliza mimi nilifanya nini, jibu walichokuuliza. Pengine utakikosa kiti. Kukosa kiti si kukosa pa kukaa, mwanangu. Nimekaa kwenye viti vingi, hakuna hata kimoja... hakuna hata kimoja kilichonipokea kama hiki kitanda.

Nipe mkono. Hapana, futa machozi kwanza. Hilo la kulia. Kumbe nalo linalia. Ahsante, baba.

Msibani Mheshimiwa atakuja na wapiga picha wake. Mketisheni nyuma, na mtazame viatu vyake kama nilimfundisha vizuri. Wasifu wangu uwe mfupi. Semeni alisema sana, na siku moja akasema kweli, akiwa amechelewa. Msiongeze kitu. Nitawasikia.

Nawabariki. Wewe Fundi, ukuta wako usimame. Wewe wa katikati, ulimi wako uwe mzito pale wangu ulipokuwa mwepesi. Na wewe mama... wewe kifungua... sina baraka ya kukupa, zako ni nyingi kuliko zangu. Uwafundishe watoto kuhesabu. Basi.

Dari linasogea tena. Kitanda kinaondoka. Nishikeni kidogo... hapana, kiacheni, najua njia yake. Koo limekauka. Mtu anipe... kile kiti cha mlangoni kimelia. Nani kasimama? Ni nani huyo anamimina?

Umesema nini? Rudia, mama. Masikio yangu yana watu wengi.

"Kunywa, baba."

Nakunywa. Nakunywa.

Hebu nyamazeni. Sikilizeni... mnasikia? Hakuna anayepiga makofi.

Ni maji.